Mjadala: Maonyesho ya St. Louis ya 1904 yalistahili sherehe ya miaka 100?

Mtoa mada: Mwaka 2004 jiji la St. Louis, Marekani, liliadhimisha miaka 100 ya Maonyesho ya Dunia yaliyofanyika pale. Naomba tulijadili hili bila kuoneana haya.

Fahari yao naielewa. Watu karibu milioni 20 walifika bustani ya Forest Park jijini humo kati ya 30 Aprili na 1 Desemba 1904, na jumba la sanaa lililojengwa wakati ule ndilo makumbusho ya sanaa ya jiji mpaka leo.

Lakini mle mle waliwekwa binadamu ili watazamwe. Ota Benga, kijana Mmbuti wa Kongo, alinunuliwa na Mmarekani Samuel Verner kwa chumvi na nguo, akapelekwa huko. Watu walimlipa senti ili awaonyeshe meno yake yaliyochongwa. Wafilipino zaidi ya 1,000 walijengewa vijiji vya kutazamwa. Mzee Geronimo wa Waapache, kabila la wenyeji asilia wa Marekani, akiwa bado mfungwa wa vita, alikuwa akiuza picha zake. Mwaka 1906 Ota Benga aliwekwa katika nyumba ya nyani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Mwaka 1916, huko Lynchburg, Virginia, alijipiga risasi akafa.

Mtu anacheza ngoma gani juu ya hayo?

Mchangiaji: Ndugu, nakupinga. Len Taunyane na Jan Mashiani, Watswana waliopelekwa kwenye maonyesho hayo kuigiza Vita vya Makaburu vya Afrika Kusini, walikimbia marathoni ya Olimpiki iliyofanyika jijini humo mwaka ule ule. Mmoja alimaliza wa 9, mwingine wa 12. Hao ndio Waafrika weusi wa kwanza kushiriki Olimpiki. Ukiizima sherehe, hao nao utawazima.

Mtoa mada: Hapo umenishika, na nakubali: hao wapigiwe vigelegele. Basi narekebisha hoja yangu. Sherehe iwepo, ila picha ya Ota Benga itundikwe mlangoni, mgeni aione kabla ya kuona fahari nyingine yoyote, isifichwe chumba cha nyuma. Shirika linaloendesha bustani ile ya Bronx liliomba radhi mwaka 2020, miaka 114 baadaye, na wote waliostahili kuisikia walikwisha kufa. Wewe ungeandika nini chini ya picha hiyo?