Tupeane uzoefu: swali lililokushinda peke yako, grupu likalitatua

Habari wakuu. Nasomea uhasibu huku nafanya kazi, kwa hiyo darasa langu ni grupu la WhatsApp la watu saba, kuanzia saa tatu usiku. Nianze mimi.

Juzi tuligawana akaunti za zoezi moja, tukaziunganisha, urari (jedwali ambalo jumla ya debiti na ya krediti lazima zilingane) ukagoma. Debiti na krediti zilipishana kwa 45,000, na kila mtu akaapa zake ziko sawa. Dada mmoja akauliza: 45,000 inagawanyika kwa 9? Inagawanyika. Basi huenda kuna tarakimu zimepinduka, maana tofauti ya namba na iliyopinduliwa hugawanyika kwa 9; kila mtu apige picha ya leja yake, tukaguane. Tukabadilishana kurasa. Aliyepewa zangu akaizungushia duara jekundu: mauzo ya 72,000 nimeyahamishia kama 27,000. Nilikuwa nimeipitia mara tatu na sikuiona. Nyinyi je?

Wa Morogoro: Mkuu, kwetu ilikuwa takwimu. Namba tano tu, tafuta variansi, yaani kipimo cha namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani. Nusu wakapata 16, nusu 20, watu wakaanza kurushiana maneno. Mmoja aliyekuwa kimya akatuma sauti: "Jamani, jumla ya miraba ya tofauti na wastani mmepata ngapi?" Wote 80. Kumbe tumeachana mstari wa mwisho, hawa wamegawa kwa 5, wale kwa 4. Tukarudi kwenye swali: namba hizo ni sampuli, na tunakadiria variansi ya kundi zima. Basi unagawa kwa 4, idadi ukitoa moja, jibu ni 20. Mimi nilikuwa kambi ya 16, na ningepewa jibu tupu ningelinakili tu.

Wa Sumbawanga: Nilikuwa kidato cha sita shule zilipofungwa Machi 2020. Simu ni ya mama, naipata akirudi gengeni, nakuta meseji mia na zaidi. Rafiki yangu akawa ananiandikia mistari miwili kila jioni: tulipofika, tulipokwama. Naanzia hapo kwenye kukwama. Tuliporudi shule tarehe 1 Juni sikuwa nyuma, na namshukuru mpaka leo.

Wa Tanga: Letu lilikufa. Mmoja anakokotoa, ishirini tunasubiri. Akachoka, akatoka.

Pole sana, ndugu wa Tanga. Sisi hilo lilitukuta mwanzoni. Tukakubaliana hakuna kuuliza bila picha ya ulipokwama, hata kama ni mstari mmoja. Wawili waliondoka, saba tukabaki. Leo usiku tuna swali la uchakavu wa mashine. Ukipenda, njoo na daftari lako.