Mrejesho: mwanafunzi mwenye usonji aliyekuwa akirusha vitabu

Wadau, asanteni sana. Niliuliza kuhusu mwanafunzi wa kitengo chetu cha elimu maalumu mwenye usonji, anayepiga mayowe na kurusha vitabu. Nilifuata ushauri wa kuandika kinachotangulia fujo, tendo lenyewe na kinachofuata. Daftari likaonyesha karibu kila mara ni wakati wa kubadilisha somo, na akirusha hutolewa nje. Yaani anapata alichotaka, kulikwepa somo!

Sasa kuna ratiba ya picha ukutani, na kadi ya "naomba kupumzika" anayoinyanyua mwenyewe. Aliyeshauri kadi, ubarikiwe: vitabu vimetulia. Kona ya utulivu imeshindikana, darasa limejaa na wenzake wanamfuata hukohuko. Kengele ikilia bado anapiga mayowe. Mwenye mbinu aniambie.