Migahawa yenye majina iende na Pemba? Tujadili

Mpita Njia: Wadau, Zanzibar ina mikoa 5, lakini mgahawa wenye jina, matawi na bei ukutani usiutafute nje ya mjini na fukwe za watalii. Makunduchi inafurika Mwaka Kogwa, wageni wakishaondoka hata pa kunywa juisi hupaoni. Mji Mkongwe sawa, tuuache, UNESCO wanautolea macho tangu 2000. Lakini Chake, Wete, Mkoani? Nchi nzima ya visiwa inashindwa na stendi moja ya Bara? Juzi Chake, saa 3 usiku, niliambulia chai na mkate.

Shamba Wete: Chai na mkate! Ndugu yangu, ulimuuliza mtu au ulikodolea simu tu? Pemba watu hula kwao. Wenzio wakija Wete hununua halua ikiwa bado moto, sufuria juu ya kuni, mpishi anakoroga mpaka jasho linamchuruzika. Huyo mwenye matawi ataiweza?

Kibanda Darajani: Mimi nauza chakula, nasema kwa uzoefu. Mwenye jina kubwa atakuja na kuku wa boksi kutoka ng'ambo, wavuvi wetu wa pweza na ngisi watapata nini? Na Ramadhani akifunga mchana mwezi mzima, kodi ya pango atailipa kwa dua? Nijibuni hapo.

Bara Tupu: "Nchi nzima"? Nchi ipi? Pinda alishalimaliza bungeni akiwa Waziri Mkuu, 2007 sijui 2008: Zanzibar si nchi.

Mwana Kikwajuni: 2008. Na 2010 Katiba ya Zanzibar ikafanyiwa marekebisho ya kumi, ikaandikwa waziwazi kuwa Zanzibar ni nchi. Hiyo huikumbuki, eeh?

Bara Tupu: Nchi gani haina pasipoti yake? Mnajivunia urojo tu, unga uliokorogwa na ndimu.

Mwana Kikwajuni: Haya, umeanza. Bizari umeisahau, embe mbichi umeisahau. Bajia, kachori, viazi, mishkaki, chatini ya nazi, vyote huvioni, unaona unga! Halafu jioni hapo Dar unapanga foleni na bakuli mkononi.

Mpita Njia: Jamani, niliuliza habari ya migahawa. Hata Kibanda hajajibiwa.

Bara Tupu: Pasipoti kwanza.

Shamba Wete: Mwacheni na pasipoti yake. Mimi nina langu: karafuu za nchi hii, na ni nchi, nyingi zinatoka Pemba. Mbona barabara nzuri na mahoteli vyote viko Unguja? Kikwajuni, hilo nalo lina ibara yake kwenye Katiba?

Mwana Kikwajuni: Wee Shamba! Mimi nakupigania huku, wewe unanigeuzia kibao?

Shamba Wete: Nani kakwambia unipiganie? Jibu swali.