Matairi ya baiskeli ya milima kwa njia za Tanga na Amani: mshiko, wepesi au uimara?

Mkaazi wa Ngamiani

Assalamu alaykum, na poleni na kazi nyote. Ninaomba ushauri kuhusu matairi. Nina baiskeli ya giya ya mtumba yenye rimu za 26, ambayo siku za kazi hunipeleka Pongwe na kunirudisha kwa lami, na kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi, huwa ninakwenda nayo Muheza na kupanda hadi Amani. Tairi la nyuma limekuwa kipara katikati, ingawa kashata za pembeni, yaani vile vinundu vya mpira vya kushikia njia, zimesimama kama zilivyotoka dukani. La mbele lina mpasuko ubavuni wenye urefu wa kidole gumba, nilioupata kwenye jiwe wakati nikishuka kutoka Amani, nami nimeweka kwa ndani kipande cha tairi kuukuu ili tyubu isichomoze.

Nimeonyeshwa aina tatu. Ya kwanza ni tairi pana la inchi 2.35, lenye kashata ndefu zilizoachana na mpira laini. Ya pili ni la 2.1, lenye kashata fupi zilizosongamana. Ya tatu ni tairi zito la safari, karibu halina kashata, lakini chini ya mpira wake kuna mkanda mnene wa kuzuia miiba. Fedha niliyo nayo inatosha matairi mawili tu, kwa hiyo siwezi kuwa na jozi ya lami na jozi ya mlima. Masika yanakaribia, na sitaki kukosea.

Fundi wa Barabara ya 9

Wa alaykum salaam. Ndugu yangu, kabla hujatoa hata shilingi, futa vumbi kwenye ubavu wa tairi ulilo nalo na usome namba ndogo, ile yenye tarakimu tatu baada ya kistari. Kama ni 559, hiyo ndiyo 26 ya baiskeli za milima. Kama ni 590, hiyo ni 26 ya baiskeli za mjini zinazokuja kutoka Japani, ambayo upana wake huandikwa kwa sehemu, 1 3/8, badala ya nukta. Zote mbili zinaitwa 26 na haziingiliani kamwe. Kila mwezi ninaletewa tairi jipya ambalo mwenyewe amelinunua kwa jina la 26 tu, na muuzaji hakubali kulirudisha. Wenye rimu kubwa nao wana mtego wao: 29 ya milima ni 622, wakati 28 ya zile baiskeli nzito za kubebea mizigo ni 635.

Ukishahakikisha hilo, tazama matairi yako ya zamani, kwa maana yamekwisha kukujibu nusu ya swali. Kipara cha katikati kimeletwa na lami, na kimekuja nyuma kwa sababu nyuma ndiko uzito wako mwingi unakokaa na ndiko nguvu ya pedeli inakotoka. Mpasuko wa ubavuni umeletwa na mawe, na umekuja mbele kwa sababu gurudumu la mbele ndilo linalopokea kila kitu kwanza. Magurudumu mawili yanafanya kazi mbili tofauti, nami sioni sababu ya kuyavisha sare. Mbele weka tairi la kushika, nyuma weka tairi jepesi la mpira mgumu. Hata watengenezaji wanalijua hilo: Maxxis wana matairi ya Minion yanayoitwa DHF na DHR, na herufi ya mwisho, F (front) au R (rear), inaonyesha lipi lilibuniwa kwa mbele na lipi kwa nyuma.

Mwalimu wa Pongwe

Fundi, shikamoo. Ninakubaliana nawe kuhusu namba, lakini ninaomba kutetea aina ya tatu, kwa sababu naona hakuna aliyeutaja mkonge.

Njia yangu ya kwenda shule inapita katikati ya shamba la mkonge. Kila jani la mkonge lina mwiba mmoja kwenye ncha, mweusi, mgumu kama sindano ya gunia, na jani likishakauka na kuanguka njiani, ule mwiba haulainiki kamwe. Unaingia kwenye tairi kwa mshazari, unavunjika, na kipande kinachobaki ndani hakionekani kwa nje. Mwaka jana niliziba pancha tatu ndani ya wiki moja, mahali pale pale pa tyubu, kabla fundi mmoja hajanifundisha kupitisha kipande cha pamba kuzunguka ndani ya tairi. Pamba ilinasa, na tulipoligeuza tairi nje ndani na kulibana kwa koleo, kilitoka kincha chenye urefu wa punje ya mchele.

Tangu nilipoweka tairi lenye mkanda wa kinga sijaziba pancha nyuma hata moja. Schwalbe Marathon Plus, kwa mfano, lina kinga ya unene wa milimita 5 chini ya mpira wa kukanyagia, na mwiba wa mkonge hauivuki kirahisi. Ni zito, silikatai, na kila ninapoanza kuondoka ninalisikia miguuni. Lakini wepesi wa tairi ambalo linakusimamisha juani kila wiki, ukiwa na pampu mkononi, ni wepesi gani?

Msafiri wa Milimani

Dada Mwalimu, hoja ya mkonge ina nguvu, na kwa njia yako ningefanya hivyo hivyo. Lakini mwenzetu anashuka kutoka Amani, na pengine anashuka wakati wa mvua. Hapo ninaomba tuwe waangalifu sana.

Amani iko takribani mita 900 juu ya usawa wa bahari, na kutoka Sigi kwenda juu njia ni ya kona kali, udongo mwekundu, mawe na mizizi chini ya miti. Wakati wa kiangazi udongo ule umekaa imara na tairi lolote litakupandisha. Ukilowa, hali inabadilika ndani ya nusu saa, na zinakuwa hatari mbili tofauti ambazo watu huzichanganya.

Hatari ya kwanza ni tope. Udongo mwekundu hunata. Kashata zilizosongamana hujaa tope katika mizunguko michache ya gurudumu, na kuanzia hapo unaendesha juu ya tope lako mwenyewe, kana kwamba tairi halina kashata kabisa. Dawa yake ni nafasi kati ya kashata, ili tope litupwe nje gurudumu linapozunguka. Urefu wa kashata unasaidia, lakini nafasi ndiyo inayofanya kazi kubwa.

Hatari ya pili ni mzizi au jiwe lililolowa. Hapo kashata hazina cha kuchimba, kwa sababu mzizi hauchimbiki. Kinachokushikilia ni ulaini wa mpira wenyewe, unaobonyea na kukumbatia vijimbonyeo vya uso wa jiwe. Ulaini huo hupimwa kwa kipimo kiitwacho Shore A: mpira wa 42 ni laini sana, wa 50 ni wa kati, wa 60 na kuendelea ni mgumu. Sasa, mpira laini unapobonyea na kurudi hula nguvu na kuigeuza joto, ndiyo maana ni mzito kwenye lami, na husagika upesi. Kampuni kadhaa huchanganya, mpira mgumu chini na katikati, laini pembeni. Schwalbe, kuanzia mwaka 2017, wametia mstari wa rangi kwenye matairi yao ya Addix ili mnunuzi ajue: mwekundu ni wa mwendo, buluu ni wa kati, rangi ya chungwa ni laini, na zambarau ni laini zaidi.

Nimeanguka mara moja tu katika njia ile, na ilikuwa ni gurudumu la mbele lililoteleza juu ya mzizi mwembamba usiozidi unene wa mpini wa jembe, uliokaa kwa mshazari katika kona. Nyuma ikiteleza, unayumba na unaweza kujirekebisha. Mbele ikiteleza, uko chini kabla hujajua. Kwa sababu hiyo tairi la aina ya tatu nisingemshauri mtu yeyote kuliweka mbele kwa njia ya Amani.

Mpwani wa Raskazone

Mimi nabeba samaki, kwa hiyo mwendo sina haja nao. Ninaloweza kuongeza ni kuhusu ubavu. Huku ufukweni kwenye mawe ya matumbawe, tairi halifi kwa kuisha kashata, linakufa kwa kuchanwa ubavuni, na mara nyingi linachanwa likiwa jipya. Tulikuwa tukidhani tairi lenye nyuzi nyingi za kitambaa ndani ya mpira ni imara zaidi, kwa kuwa ni ghali zaidi, lakini nyuzi 120 kwa inchi ni nyembamba kuliko nyuzi 60 kwa inchi. Za 120 zinalifanya tairi liwe jepesi na laini kwa mwendeshaji, za 60 zinastahimili kukwaruzwa. Basi aulize ubavu kwanza, kashata baadaye.

Fundi wa Barabara ya 9

Marahaba, Mwalimu. Mpwani amesema jambo ambalo ningelisahau, na nyote mmesahau jambo moja la bure kabisa, nalo ni upepo.

Wateja wangu wengi hujaza tairi hadi liwe kama jiwe, kwa imani kwamba ndivyo linavyokwenda kasi. Kwenye lami nyororo kuna ukweli kiasi. Kwenye njia ya mawe ni kinyume, kwa sababu tairi gumu hurushwa na kila kokoto, na nguvu iliyokusudiwa kukupeleka mbele inakurusha juu. Tairi lenye upepo wa wastani linalimeza jiwe na kupita. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tyubu na tairi la 2.1 au 2.25, mimi huanzia psi 28 mbele na 32 nyuma kwa mlima, na 40 au zaidi kidogo kwa lami, bila kutoka nje ya kiwango kilichoandikwa ubavuni. Usishuke sana, maana tyubu itabanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka matundu mawili yaliyokaa sambamba kama meno ya nyoka. Ukiyaona matundu hayo, usitafute mwiba, ongeza upepo.

Najua mtu atauliza kuhusu matairi yasiyo na tyubu, yanayotiwa dawa ya maji inayojiziba yenyewe. Ni mazuri sana kwa miiba, lakini yanataka rimu na tairi vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, na kwa joto letu dawa ile hukauka ndani ya miezi michache, ikabidi uiongeze tena. Kwa rimu za mtumba za 26 nisingeanza huko.

Kuhusu upana, rimu nyingi za namna hiyo ni nyembamba. Tairi la 2.35 juu yake hukaa kama balbu na kuyumba kwenye kona. Zaidi ya hayo, lazima kuwe na nafasi kati ya tairi na fremu, kwa sababu tope la Amani likijaa hapo gurudumu linasimama. Pima kwa kidole.

Mwalimu wa Pongwe

Nimeelewa hoja ya gurudumu la mbele, na nimeikubali. Basi kwa nyuma, kama hataki uzito wa tairi langu, je, akate ukanda kutoka tairi kuukuu jembamba na kuulaza kati ya tyubu na tairi, kama wanavyofanya wabeba mkaa?

Fundi wa Barabara ya 9

Inafaa, Mwalimu, kwa sharti moja: kingo na ncha za ukanda zichongwe kwa wembe hadi ziwe nyembamba kama karatasi, kisha zipakwe poda. Ukanda wenye kingo nene husugua tyubu, na baada ya mwezi utakuwa umetoboa kile ulichowekwa kukilinda.

Mkaazi wa Ngamiani

Ninawashukuru sana. Nimefuta vumbi na kusoma: ni 559. Kisha nimepima kwa kidole kama nilivyoelekezwa. Mbele, kidole cha shahada kinapita juu ya tairi na pande zote mbili bila kugusa uma. Nyuma, karibu na ekseli ya pedeli, hakipiti kabisa, na tairi lililopo ni la 2.1, tena lililokwisha. Kwa hiyo hata ningetamani la 2.35 kwa nyuma, lisingezunguka.

Mbele nitatafuta la 2.25 lenye kashata zilizoachana, mpira wa kati, na ubavu ulioongezwa kinga. Nyuma nitaweka la 2.1 lenye kashata fupi, mpira mgumu, nyuzi 60, pamoja na ukanda wa Mwalimu. Fundi, nikuletee magurudumu Jumatatu asubuhi?

Fundi wa Barabara ya 9

Njoo kabla ya saa nne, na uje na yale matairi ya zamani, usiyatupe. Lile la nyuma, ubavu wake ukiwa mzima, ndilo tutakalokatia ukanda. Na kabla hujalipia jipya la mbele, tafuta mshale wa mwelekeo ubavuni na ulibonyeze kwa vidole sehemu ya ubavu iliyo karibu na rimu. Kama mpira una nyufa ndogo kama za tope lililokauka, limekaa juani dukani kwa muda mrefu. Liache hapo, hata wakikupunguzia bei.