Re: Benki wananiambia ninunue "mfuko wa DAX". Hii DAX ni nini hasa?

Kutoka: Dada wa Kassel

Shikamooni wakubwa, na habari za jioni kwa rika langu.

Jana nilikwenda benki kuulizia akaunti ya akiba. Tuna euro 12,000 tulizojibana mimi na mume wangu, tunataka ziwe malipo ya mwanzo ya nyumba baada ya miaka mitatu hivi. Mshauri akanigeuzia skrini: mstari wa kijani, unapanda kutoka pembe ya chini mpaka juu. "DAX ilianza na pointi 1,000, sasa imeshavuka 20,000," akasema, na hiyo 20,000 akaniandikia kwenye karatasi na kuipigia mstari mara mbili. Nimetoka na brosha ya mfuko wao.

Hii DAX naiona kwenye televisheni karibu kila jioni, ila sijawahi kusikia mtu akiieleza. Ni kampuni? Ni ya serikali? Niweke hela?

*

Kutoka: Mzee wa Offenbach

Marahaba mwanangu.

Si kampuni wala si serikali. Ni hesabu tu. Unachukua hisa za kampuni 40 kubwa zinazouzwa soko la hisa la Frankfurt, hapa Ujerumani, kila moja unaipa uzito wake, inatoka namba moja. Mfuko wa DAX ni pesa za watu wengi zinazokusanywa kununua hisa hizo. Uzito unatokana na thamani ya hisa zilizo mikononi mwa umma. Zile ambazo familia au serikali imezishikilia moja kwa moja hazimo. Kwa hiyo kampuni nzito kama SAP, ile ya programu za kompyuta, ikiyumba, DAX yote inayumba, lakini kampuni ya mkiani inaweza kushuka vibaya na wewe kwenye televisheni usione kitu. Hesabu inakwenda kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja na nusu jioni.

Ilizinduliwa tarehe 1 Julai 1988 ikiwa na kampuni 30, na hesabu ikarudishwa nyuma hadi mwisho wa 1987 ili ianzie 1,000. Kampuni zimekuwa 40 tangu Septemba 2021.

Sasa kwenye ule mstari wa kijani kuna jambo mshauri hakukwambia, au pengine halijui mwenyewe. DAX inayotangazwa inahesabiwa kana kwamba kila gawio, yaani sehemu ya faida anayolipwa mwenye hisa, likilipwa, papo hapo linarudishwa kununua hisa. Hesabu za wenzetu, FTSE 100 ya Uingereza na CAC 40 ya Ufaransa, zile za kwenye habari, zinahesabu bei tupu, bila magawio. Anayezilinganisha amempima mmoja na mzigo kichwani, mwingine mikono mitupu. Ipo pia DAX ya bei tupu, ila haina mashabiki. Siku DAX ya televisheni ilipovuka 20,000, Desemba 2024, hiyo nyingine ilikuwa haijafika hata nusu yake.

Nakwambia haya kwa sababu mimi niliingia Machi 2000. Kila mtu kazini alikuwa anazungumzia hisa, hata fundi wa lifti. DAX ilikuwa juu kidogo ya 8,100. Miaka mitatu baadaye ilikuwa karibu na 2,200. Mke wangu hakunigombeza, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Mwaka 2007 ikarudi pale pale nilipoingilia, nikasema ngoja kidogo niuze na faida. Ikaanguka tena. Mpaka Mei 2013 ndipo ilipoiacha kabisa ile namba ya 2000. Miaka kumi na tatu, na magawio yote yakiwa yameshajumlishwa humo!

Wewe una miaka mitatu.

*

Kutoka: Kaka wa Wolfsburg

Mzee, umesahau kituko cha Oktoba 2008. Dunia nzima inaungua na msukosuko wa mabenki, halafu tarehe 28 DAX inapanda zaidi ya asilimia 11 kwa siku moja. Ukiangalia hiyo namba peke yake ungesema mambo yametengemaa.

Kumbe ni Volkswagen (VW). Jumapili ya tarehe 26 Porsche, watengenezaji wenzao wa magari, walitangaza kwamba wana karibu asilimia 43 ya hisa za VW, na mikataba inayohusu nyingine zaidi ya asilimia 31. Jimbo la Niedersachsen nalo lina asilimia 20. Piga hesabu: sokoni zilibaki chache mno, na wakati huo huo kuna watu walioazima hisa za VW wakaziuza, wakitegemea bei ishuke wazinunue kwa rahisi na kuzirudisha. Wakaanza kugombania hizo chache. Bei ikavuka euro 1,000 kwa hisa! Kwa muda mfupi VW ikawa kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote duniani. Uzito wake ndani ya DAX ukavuka robo, ikabidi soko liukate hadi asilimia 10 nje ya ratiba. Sisi wafanyakazi wa VW kwenye foleni ya kantini tulikuwa tunaulizana kama kuna anayejua kwa nini tumekuwa matajiri hivi, na kama mshahara umesikia.

*

Kutoka: Mama wa Munich

Na wasikudanganye kwamba aliyemo ndani ya DAX amechunguzwa. Septemba 2018 benki ya Commerzbank, iliyokuwemo tangu siku ya kwanza, ilitolewa ikaingia Wirecard, kampuni ya malipo ya kielektroniki ya hapa kwetu Aschheim. Juni 2020 Wirecard ikakiri kwamba euro bilioni 1.9 zilizo kwenye vitabu vyake huenda hazikuwahi kuwepo. Siku chache baadaye ikaomba kufilisika, na bado ikabaki ndani ya DAX mpaka Agosti kwa sababu kanuni hazikuwa na njia ya kuifukuza haraka! Ndipo zikabadilishwa, na sasa anayetaka kuingia lazima aonyeshe faida ya uendeshaji kwa miaka miwili. Februari 2023 Linde, kampuni ya gesi za viwandani, iliondoa hisa zake Frankfurt ikabaki soko la New York, na nani akachukua nafasi yake? Commerzbank.

Dada, umeuliza ada ya kuingia kwenye huo mfuko ni kiasi gani?

*

Kutoka: Dada wa Kassel

Asanteni sana. Nimerudi leo. Ada ya kuingia ni asilimia 5, yaani euro kama 600 zinaliwa mlangoni kabla hata DAX haijasogea. Nikamuuliza ile 20,000 ni pamoja na magawio au bila. Akatazama skrini, akatazama brosha, akasema atanipigia simu.

Nimeziweka akaunti ya muda maalumu, miaka mitatu. Ila kwenye fomu kuna kitu kinaitwa Freistellungsauftrag, sijakijaza. Ni lazima?

*

Kutoka: Mama wa Munich

Si lazima, lakini ukikiacha benki itakata kodi kwenye riba tangu euro ya kwanza, asilimia 25 pamoja na nyongeza ya mshikamano, ile kodi ndogo inayokatwa juu ya kodi. Ukikijaza, euro 1,000 za mwanzo kwa mwaka hazikatwi. Wewe na mume wako mkijaza pamoja ni 2,000. Mkiwa na benki mbili mnagawa, mradi jumla isizidi. Miaka iliyopita kama walikukata, unaweza kudai kwenye tamko la kodi kwa kujaza Anlage KAP, fomu ya mapato ya riba na hisa. Namba zenu za kodi zote mbili ziwe mkononi, fomu inaziulizia.