Shilingi 16,000 kufungiwa antena ya runinga Lamu: tunalipia nini hasa?

Ndugu zangu wa Amu na wa pwani kwa jumla, naandika nikiwa na hasira ambazo nimezizuia kwa miezi mitatu, kwa kuwa nilitaka kwanza nihakikishe kwamba nimedhulumiwa kweli na si mimi niliyeshindwa kuelewa kazi ya watu. Sasa nimehakikisha. Mwezi wa Machi nililipa shilingi 16,000 ili nifungiwe antena juu ya nyumba yetu ya Mkomani, na leo mamangu, ambaye ndiye aliyeitaka runinga hiyo kwa ajili ya taarifa ya habari ya jioni, anatazama picha inayoganda msomaji akiwa kinywa wazi, kisha inatoweka kabisa.

Hesabu niliandikiwa kwenye karatasi iliyochanwa daftarini, kwa sababu kitabu cha risiti eti kilikuwa kimesahaulika dukani. Antena 4,500, waya mita 30 kwa shilingi 100 kila mita, yaani 3,000, busta, yaani kifaa cha kukuza mawimbi, 2,500, bomba na vishikizo vyake 2,000, punda wa kubebea mizigo 500, ufundi 3,500. Hesabu hii niliiona kazi ikiwa imekwisha. Asubuhi nilipomuuliza fundi bei alinijibu, "Ami, tupande kwanza tuangalie, hatutakosana," na mimi, kwa haya za kiungwana ambazo zinatugharimu sana watu wa mji huu, nikanyamaza na kuagiza chai.

Nianze na waya, kwa kuwa waya haubishani na mtu. Wiki mbili zilizopita nilichukua kamba, nikaifunga fundo kila mita, nikaishusha kutoka darini nikiufuata waya ule ule fundi alipoupitisha, kona kwa kona, hadi nyuma ya runinga. Nilipata mita 14 na kidogo. Nikarudia nikidhani nimekosea, nikapata vile vile. Mita 15 na ushei nilizolipia hazikuachwa nyumbani kwangu hata kipande cha kuanikia nguo. Labda zilibebwa na yule punda wa shilingi 500, ambaye pia sikumwona, kwani antena ilikuja ndani ya boksi kwapani mwa kijana kutoka duka lililo umbali wa dakika tano kwa miguu.

Nakubali kabisa kwamba nyumba za mawe za Mji wa Kale zina ugumu wake. Kuta za matumbawe na chokaa ni nene, mawimbi ya runinga hayapenyi vizuri, antena ndogo ya kuweka juu ya kabati haifai kitu, vichochoro ni vyembamba na bidhaa karibu zote hutoka bara, zikavushwa kwa boti kutoka Mokowe. Mtu akiniongezea bei kwa sababu hizo nitalipa bila kununa. Lakini nilipouliza kwa nini ufundi ni 3,500 niliambiwa kuwa ni kwa ajili ya kutoboa kuta za zamani, na kwamba mji huu ni Urithi wa Dunia hivyo kazi yake inataka uangalifu. Naam, Lamu iliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2001, na uangalifu ni jambo jema. Ila hakuna ukuta uliotobolewa. Waya umepitishwa dirishani, na tangu siku hiyo dirisha lile halifungiki, mvua ya kusi inatuingilia chumbani.

Tuje kwenye antena yenyewe. Boksi lake limeandikwa kwa majigambo kuwa ni "antena ya dijitali", na hilo ndilo neno lililoipandisha bei hadi 4,500. Binamu yangu aliyeko Malindi alinunua iliyo sawa nayo kwa urefu, kwa idadi ya vijiti na hata kwa rangi ya boksi, kwa shilingi 1,800. Sasa watu wajue: hakuna kitu kama antena ya dijitali. Antena ni vijiti vya alumini vilivyokatwa kwa vipimo vinavyolingana na masafa yanayopokewa, na haijui wala haijali kama kilichobebwa na mawimbi ni cha analogia au cha dijitali. Kilichobadilika Kenya mitambo ya analogia ilipozimwa mwaka 2015 ni lugha ya matangazo, na mwenye kuifasiri lugha hiyo ni king'amuzi cha DVB-T2, yaani mfumo wa matangazo ya dijitali ya antena, au runinga yenyewe ikiwa imetengenezwa na king'amuzi ndani yake. Masafa yamebaki kwenye bendi ya UHF, kuanzia megahezi 470 kwenda juu. Kwa hiyo ile antena kuukuu ya marehemu baba, ambayo fundi aliing'oa akisema ni ya zamani na haiwezi tena kazi, ilikuwa ya UHF na huenda ilihitaji kupigwa brashi na kubadilishiwa waya tu. Nayo pia imeondoka naye.

Jambo lililoniudhi kuliko yote, hata hivyo, ni busta. Ikiwa mawimbi ni hafifu, busta huwekwa juu, karibu na antena, ili iyakuze yakiwa bado safi, kwa sababu waya wa kawaida wa runinga wenye urefu kama wangu hupoteza karibu nusu ya nguvu ya mawimbi kabla hayajafika chini. Yangu imewekwa chini, nyuma ya runinga, kwenye meza moja na king'amuzi, mahali ambapo inakuza kile kilichokwisha kudhoofika pamoja na uchafu wake wote. Ni sawa na mtu asiyesikia vizuri anachoambiwa, halafu akapewa kipaza sauti akirudie. Nilifungua ukurasa wa king'amuzi unaoonyesha nguvu na ubora wa mawimbi: busta ikiwa imeunganishwa, nguvu ilikuwa asilimia 92 na ubora 38, nilipoichomoa, nguvu ilishuka hadi 71 lakini ubora ukapanda hadi 60. Kinachoshika picha ni ubora. Fundi alinionyesha ule mstari wa nguvu pekee, ukiwa umejaa kijani, akaniambia, "Ami, unaona mwenyewe." Niliona, kweli, ila sikujua ninaangalia nini, na shilingi 2,500 zikanitoka kwa kununua kifaa kinachoniharibia picha.

Zamani mawimbi yakipungua picha ilikuwa ikinyesha theluji kidogo kidogo, na mtu alijua mapema kwamba kuna tatizo. Dijitali haina huruma hiyo: ubora ukiwa juu ya kiwango picha ni safi kama kioo, ukishuka chini yake hakuna kitu. Ndiyo maana kazi mbovu huonekana nzuri siku ya malipo, hasa ikifanywa kabla ya kusi. Mwezi wa Juni nilipopanda darini nilikuta koneka imeachwa wazi, haikuzungushiwa hata utepe wala kupakwa silikoni, shaba ya ndani imekuwa kijani kwa maji ya chumvi, na skrubu za chuma cha kawaida zilizokaza alumini zimeanza kuvimba kwa kutu. Upepo umeishaizungusha antena ikaelekea kwingine. Antena zote za majirani zinatazama upande mmoja, yangu peke yake inatazama baharini kama mke wa nahodha. Fundi anayefanya kazi Lamu akasahau chumvi ni sawa na mshonaji wa matanga akasahau upepo. Utepe na silikoni havizidi shilingi mia chache, na jirani yangu mmoja alifungiwa na mzee aliyeviweka bila kuombwa, miaka minne sasa hajapanda tena darini.

Wapo watakaosema nilikubali mwenyewe, basi nivumilie. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za kiwango kinachofaa, na haki ya kupewa maelezo anayohitaji ili afaidike nazo, na kinamhusu hata mtu binafsi anayeuza huduma. Bei iliyotajwa baada ya kazi haimpi mteja nafasi ya kuikubali wala kuikataa.

Wiki iliyopita, baada ya simu saba, fundi alipokea. Alisema hali ya hewa ndiyo mbaya na kwamba atakuja kwa shilingi 1,500 "za kupanda tu", kabla ya kujua kama kuna cha kununua. Nilimwambia asije. Jumamosi, inshallah, mimi na mpwa wangu tutapanda wenyewe tukiwa na waya mpya wa mita 15, koneka mbili, utepe na silikoni, tutaielekeza antena zinakotazama za majirani, na busta nitaiacha kabatini.

Waliofungiwa Langoni, Shela, Matondoni au ng'ambo ya Mokowe waandike hapa chini: mlilipa shilingi ngapi, mliuziwa waya mita ngapi na mlipoupima mlipata ngapi, na busta yenu iko juu au chini. Jina la fundi wangu sitalitaja, msiniulize hata faraghani. Nataka bei.