Intaneti ya ofisini inapoteza pakiti na kuchelewa mno saa za kazi: naomba ushauri

Mdau_Kurasini

Ndugu wadau, salaam. Ninasimamia kompyuta za ofisi ya uwakala wa forodha hapa Kurasini, Dar es Salaam. Tuna laini ya faiba ya Mbps 20, ruta ya MikroTik, na swichi moja inayohudumia kompyuta zote pamoja na simu za mezani zinazopitia intaneti. Kabla wafanyakazi hawajaingia, pingi (pakiti, yaani vipande vidogo vya data, zinazotumwa ili kupima jibu) ya kwenda 8.8.8.8, seva ya Google, haipotezi kitu. Ikifika saa nne asubuhi, jibu huchukua hadi milisekunde 400, pakiti kama 6 katika kila 100 hazirudi, sauti za wateja zinakatika katikati ya neno, na mfumo wa kuwasilisha nyaraka unamtoa mtumiaji kabla hajamaliza. Mtoa huduma amepima na kusema laini ni nzima. Hata hivyo, nikipima njia kwa MTR, programu inayopima kila ruta iliyo njiani, hatua ya nne inaonyesha upotevu wa asilimia 70. Je, ubovu uko hapo? Nyaraka zikichelewa, mzigo wa mteja unabaki bandarini ukitozwa gharama za kuhifadhiwa, kwa hiyo ninahitaji msaada wenu kwa dhati.

FundiNjia

Hatua ya nne iache kama ilivyo. Ruta za katikati hutanguliza kazi ya kupitisha pakiti za watu na huweka kikomo cha majibu zinayotoa zenyewe, ndiyo maana hatua moja inaweza kuonekana mbovu huku zinazofuata zikiwa salama. Upotevu wa kweli ni ule unaoanzia mahali fulani na kuendelea hadi mwisho wa njia. Tumia kompyuta iliyochomekwa kwa waya, kwa kuwa waifai ina upotevu wake, kisha endesha pingi tatu kwa pamoja wakati wa kazi: ya ruta yako, ya kifaa cha kwanza cha mtoa huduma, na ya 8.8.8.8.

Mdau_Kurasini

Ruta yetu inajibu chini ya milisekunde 1 bila kupoteza chochote. Kifaa cha kwanza cha mtoa huduma kinapoteza asilimia 6 na kuchelewa milisekunde 380. Nambari za 8.8.8.8 zinakaribiana na hizo.

Pwani_Kaskazini

Basi mkongo wa baharini hauhusiki. Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu, walioumia walikuwa wengi kwa wakati mmoja. Yako inaishia mlangoni pa ofisi.

BiSwichi

Mimi ninaona matatizo mawili, na ningekuomba usiyachanganye. Kwanza upotevu. Fungua ukurasa wa lango linalotoka kwenye ruta kwenda kwenye kifaa cha faiba, uangalie kama linafanya kazi kwa njia mbili kamili (kutuma na kupokea kwa wakati mmoja) au nusu (kwa zamu). Mafundi wengine hufunga upande wao kwenye Mbps 100 za njia mbili kamili, huku ruta ya mteja ikiachwa ijipangie yenyewe. Ruta hiyo hutambua kasi, lakini kwa kuwa upande wa pili haujadiliani nayo, huangukia njia nusu. Hapo upande mmoja hutuma wakati wowote na mwingine hungoja zamu, pakiti zinagongana, na kadiri matumizi yanavyoongezeka ndivyo zinavyopotea zaidi. Laini ikiwa tupu huoni kitu, na inaelekea mtoa huduma aliipima wakati huo.

Mdau_Kurasini

Ni kweli: lango linaonyesha njia nusu, na idadi ya migongano iliyochelewa inapanda ninapoitazama.

FundiNjia

Mwombe mtoa huduma arudishe upande wake kwenye kujipangia, na wako uubakize hivyo hivyo. Usibadilishe upande mmoja peke yake.

Kuhusu ucheleweshaji, chunguza ni nani anayepakia. Nakala rudufu inayopelekwa kwenye seva za nje saa za kazi inatosha kujaza laini nzima. Ruta huziweka pakiti zinazozidi kwenye foleni ndefu, na pakiti ndogo ya simu inasubiri nyuma yake. RouterOS, mfumo unaoendesha ruta za MikroTik, toleo la 7 lina foleni za aina ya CAKE na fq_codel, zinazogawa zamu ili pakiti ndogo zisikwame nyuma ya mzigo mkubwa. Weka kikomo cha Mbps 18 kila upande, ili foleni ijengeke kwenye ruta unayoitawala wewe.

Mdau_Kurasini

Mtoa huduma amerekebisha upande wake na upotevu umekwisha. Nakala rudufu ilikuwa ikianza saa nne kasoro. Nimeihamishia usiku na kuweka CAKE. Kifaa chao cha kwanza sasa kinajibu kwa milisekunde 5 hadi 9 mchana. Seva ya mteja wetu iliyoko Ulaya bado inazidi milisekunde 150. Je, nayo itashuka?

BiSwichi

Hiyo ni ya umbali. Katika faiba, kila kilomita 100 huongeza takribani milisekunde 1 ya kwenda na kurudi, na hakuna mpangilio wa ofisini utakaoipunguza.